Jina la Gharib Wodini

Kasingirima, Ujiji
9 Machi 1998

Mwanangu mpendwa Ikram,

Assalaam alaykum. U mzima? Kitoto kinanyonya? Maziwa yanatosha, au bado unadonoa chakula kama kuku mgonjwa? Huku miguu yaniuma, lakini inanibeba. Anayeniandikia ni Joanitha, muuguzi wa wodini. Amenisihi nianze polepole. Nimeshaanza polepole, inatosha.

Mwanao Saidi yuko hospitali. Hajafa. Homa ilimshika ulipokwenda kujifungulia Tabora. Kwinini haikufua dafu. Bandama ikavimba, damu ikamtoka puani. Akaongezewa damu, ikaisha kama maji mchangani. Wodi imejaa wakimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa. Mama mmoja wa Uvira ndiye aliyemsogeza mwanawe ili Saidi apate nusu ya kitanda.

Kisha akapita Leonardi, daktari wa wakimbizi. Akauliza kama mtoto huyu aliwahi kufiwa na ndugu kwa homa. Mama yako mdogo akadakia, "Hakuna, wote wazima!" Unajua kwetu: mtoto aliyekufa hatajwi mbele ya ndugu yake mgonjwa, asije akamwita. Akanifinya paja.

Nikasema, "Yuko Gharib. Tulimzika Rusimbi. Homa hiihii, bandama hiihii, damu puani."

Mama yako mdogo akatoka analia, ananiita mchawi. Hanisemeshi mpaka leo. Mimi sijalia. Nimekuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, ila ni mwili mzima.

Daktari akamtoa Saidi uboho kwenye nyonga, akautazama kwa darubini. Anasema walinzi wa mwili wake wamepandwa na wazimu, wanaila damu waliyowekwa kuilinda. Ni ugonjwa wa nadra, huvaa sura ya malaria, na mara nyingine hutembea na ukoo. Si uchawi, Ikram. Wala si maziwa yako, kama walivyokusema kwenye msiba wa Gharib.

Sasa anapewa dawa ya kuwatuliza hao walinzi. Uso umemvimba. Jana homa ilishuka, leo imerudi kidogo. Daktari hakuniahidi kitu, nami sikuahidi wewe.

Kitoto kikishikwa na homa isiyosikia dawa, usikae ukichemsha majani. Kimbia hospitali, uwatajie kaka zake wote wawili. Mumeo Hamimu akikuziba mdomo, mwambie mkwewe amekwisha kumtaja Gharib na Saidi bado anapumua.

Saidi alisikia yote. Akaniuliza, "Bibi, Gharib ni nani?" Nikamwambia. "Mbona hamkuniambia nina kaka?" Sasa kila akiletewa vidonge huuliza, "Gharib naye alipewa hivi?" Namwambia, "Hakupewa. Hatukujua. Wewe meza." Anameza.

Msalimie Hamimu, na wifi yako Mwasiti aliyekupokea. Mungu akiache hicho kitoto mikononi mwako mpaka kikuzidi kimo.

Mama yako akupendaye hata akikukaripia,
Ashura