Siku Tulipokwenda kwa Mama Kabula

Mjukuu wangu Nkwimba, marahaba sana. Hapa Didia tu wazima. Babu yako sasa anatembea bila fimbo na anajisifu kwa kila mgeni.

Umeniuliza uwaambie nini wanafunzi wako huko Geita, maana ndiyo kwanza umekuwa mwalimu mkuu na mwenzao amefariki kwa kufukiwa na kifusi. Pole, mama.

Nilipokuwa mwalimu kijana, mwanafunzi wetu Kabula alisombwa na mto akitoka shuleni. Asubuhi mwalimu mkuu wetu, mzee mkali kweli, alisimama mbele ya watoto, akafungua mdomo, akalia. Kisha akasema, "Wanangu, sijui niseme nini. Twendeni kwa mama yake."

Tukaenda shule nzima, watoto wamebeba maji na kuni. Mama Kabula alikuwa hajafungua kinywa tangu msiba utokee. Alipoona sare zimejaa uani, akauliza, "Nani alikuwa anakaa naye dawati moja?"

Binti mmoja akajitokeza. Mama akamkumbatia, wakalia pamoja. Kisha akamuuliza, "Umekula, mwanangu?"

Nawe kula kwanza, Nkwimba, halafu uende nao.

Bibi yako anayekupenda