Mama wa Bibi Harusi Hatundikwi Ukutani

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vioo,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Mama alitufundisha kwamba hata ukienda kugombana, unabisha hodi. Basi hodi. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na kazi ya kuinua wagonjwa kutwa? Baridi ya huko imepungua? Unakula chakula cha kueleweka, au bado ni chai na mkate ukiwa umesimama? Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto linagoma asubuhi, na mguu wa cherehani hauna likizo. Hatulalamiki.

Hodi imekwisha, sasa nimeingia. Nina hasira na wewe. Nina hasira na kaka yetu pia, na kamati yake ya harusi, na mpambaji wao, lakini wewe ndiye wa kwanza, kwa hiyo kaa kitako usome mpaka mwisho. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ukibanwa kidogo unasema mtandao unakatika. Tuone karatasi itakukatikia vipi.

Kaka unamjua. Tangu astaafu ualimu hawezi kunywa chai bila kuuliza tunaanza na lipi, na ndiyo maana watoto wote wa ukoo wanamwita Ajenda. Alipopewa uenyekiti wa harusi ya binti yako alipata ujana upya. Vikao ni kila Alhamisi sebuleni kwake, viti vimepangwa mistari kama darasani, na kila anayeingia ana wazo aliloliona kwenye simu yake. Mmoja anataka maharusi watokee ndani ya moshi. Mwingine anataka keki yenye daraja, na chini ya daraja maji yatiririke. Rangi ilikuwa kijani na krimu, ikawa zambarau, sasa ni pichi, na mimi ninayeuza vitambaa sijawahi kumwona mtu akiingia dukani kuulizia pichi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini nilicheka tu. Moshi haujamuua bibi harusi.

Kicheko kilinikauka alipoletwa mpambaji. Yule tunamwita Mama Puto, maana ukimwachia ukuta mtupu kwa dakika moja ameshaujaza maputo. Yeye ndiye aliyesema ukumbi anaoupenda una nafasi Jumamosi ya kwanza ya Agosti tu, kisha unafungwa kwa ukarabati wa paa. Likizo yako inaanza mwisho wa Agosti. Mtu mwenye akili timamu angesema basi, tutafute ukumbi mwingine. Yeye akasema, "Siku hizi mama si lazima awepo. Tunaweka skrini kubwa jukwaani, mama anatoa baraka mubashara kutoka huko huko, ukumbi mzima unalia." Kamati ikapiga makofi.

Mimi siku hiyo nilikuwa napima mteja, sikuwepo. Kaka akakupigia palepale, akaweka spika, watu wazima na soda zao mkononi wanakusikiliza. Nimesimuliwa ulichojibu. Ulijibu, "Fanyeni tu, msinisubiri mimi." Kaka akashukuru, akasema mama ameridhia, kikao kikarudi kwenye keki.

Msinisubiri! Hayo ni maneno ya mtu aliyechelewa kula, anawaambia wenzake waendelee. Si maneno ya mama wa bibi harusi. Nilipoyasikia nilikuwa nakata kitambaa, na nilikikata vibaya.

Jumamosi ya tarehe mosi walikwenda ukumbini kuijaribu hiyo skrini. Bwana harusi ni fundi umeme, kwa hiyo walimpandisha yeye mwenyewe kwenye ngazi aifunge. Hebu fikiria, kijana anamfunga mama mkwe wake ukutani kwa skrubu. Mimi na binti yako tulikwenda kupima ngazi za jukwaa, nijue mkia wa gauni utashukaje. Tukafungua mlango, tukakukuta.

Ulikuwa mkubwa kama lango la gereji. Walikuwa wameweka ile video uliyomtumia binti siku yake ya kuzaliwa, nayo imeganda: jicho moja limefumba nusu, mdomo wazi. Mama Puto amesimama chini ya kidevu chako, anawaelekeza. "Hapa mama analia. Muziki unashuka. Bibi harusi anageuka, anapunga mkono. Ila asimwangalie mama, aangalie kamera."

Mwanao akasimama pale mlangoni kama aliyegongwa. Yule kijana alipomwona uso, alishuka kwenye ngazi, akaenda moja kwa moja ukutani, akachomoa waya. Ukazimika. Kaka akauliza kwa ukali nani ameruhusu. Kijana akamjibu kwa adabu kabisa, "Mimi, mjomba. Umeme ni kazi yangu." Tangu siku hiyo, mdogo wangu, mkwe wako nampenda. Shati lake la harusi nitalishona mwenyewe.

Binti hakulia. Tulirudi huku chumbani kwangu, akakaa kwenye kigoda kando ya meza ya pasi, pale pale alipokuwa akifanyia kazi za shule ulipoondoka. Nikaanza kuwasema vibaya kaka na Mama Puto ili nimfurahishe. Akanikatiza. "Mama mkubwa, mimi sina ugomvi na skrini. Mama amekubali haraka mno. Hata hakuuliza kama kuna tarehe nyingine. Labda hataki kuja."

Nikaanza kukutetea. Akasema, "Usimtetee. Siku ya uchumba nilimwegemeza ndani ya simu kwenye chupa ya soda, nikajiambia si kitu, harusini atakuja. Sasa ametoka kwenye chupa, amepanda ukutani. Kaendelea." Alicheka mwenyewe kwa maneno yake, kicheko ambacho sikukipenda.

Bado nilikuwa nimekuwekea akiba ya huruma. Nilijisemea likizo ni likizo, mwajiri ni mwajiri, utafanyaje. Jumatano akaja yule nesi mwenzako na kifurushi chako. Asante kwa mashuka, na viatu vya harusi vimemkaa mtoto barabara. Nikampikia chai mgeni wetu, nikamuuliza kwa upole tu, hivi huko kazini hawana huruma hata kidogo? Akashangaa. Akasema, "Dada, mbona msimamizi hana shida? Mimi mwenyewe nilimwambia nitamshikia zamu zake Agosti, aende. Akaniambia niache tu, nyumbani wameshapanga, asije akawavuruga."

Nilikuwa nimeshika birika, nikalirudisha mezani.

Kwa hiyo huku unatuambia tusikusubiri, na huko unawaambia sisi tumeshapanga! Kaka anaogopa kukusumbua, wewe unaogopa kumvuruga kaka, kila mtu ana adabu kama mgeni, na katikati yenu yupo mtoto anayeamini hatakiwi na mama yake. Adabu gani hiyo? Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio, na uzee wako huo.

Tena usinidanganye kwamba ni kaka. Najua unachokiogopa. Ulimwacha akiwa bado anavaa sare za shule, sasa ni mwanamke mzima, na unaogopa utasimama mbele yake usijue pa kuanzia. Na unaogopa kuingia nyumba ambayo mama hayumo. Mazishi yake uliyaona kwenye simu. Mimi ndiye niliyeishika, na nilivyokuwa nikijifutia machozi kwa mkono ule ule najua uliona mawingu na viatu vya watu tu. Ulijikaza kisabuni, ukatuma ujumbe kwamba uko sawa, na tangu hapo uko sawa kila mwaka. Mimi sitaki tena uwe sawa. Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Sema unaogopa, tukushike mkono. Ukisema tusikusubiri, wapo watu kama Mama Puto watakaokuamini.

Sasa nikwambie kuhusu gauni. Limekwisha. Mikono imekaa, mgongo umekaa, vifungo vyote nimevivika kitambaa kwa mkono. Halina rangi ya pichi hata uzi mmoja. Kilichobaki ni pindo.

Unakumbuka mama alivyofanya. Magauni ya mji mzima alipiga magoti akayapima pindo, lakini kwa mimi na wewe alisema hilo si la fundi, hilo ni la mama. Alitupandisha juu ya meza hii hii, tumevaa viatu vyetu, pini kazibana mdomoni, anatuzunguka kwa magoti huku anaguna tusimame wima. Wewe ulicheka mpaka akakuchoma. Mimi nimepiga magoti kwa mabinti wa watu mpaka goti hili likaharibika. Kwa huyu sipigi. Mama yake yu hai, ana magoti yake mawili.

Nilikuwa nasingizia viatu havijafika. Vimefika, kisingizio kimekwisha, nimewaambia ukweli. Kaka akaitisha kikao cha dharura, ajenda moja tu: pindo. Ndiyo, wanaume kwa wanawake walikaa sebuleni kujadili pindo. Mama Puto akapendekeza lipelekwe kwa fundi mwingine. Nikamwambia gauni limo kabatini, ufunguo umo kifuani mwangu, na aliye na ubavu aje auchukue. Hakuna aliyesimama. Kaka alifungua mdomo, nikamtazama kama mama alivyokuwa akimtazama, akaahirisha kikao.

Maharusi wenyewe wamesema kama huwezi kuwahi Jumamosi ile, basi harusi ni siku yoyote utakayofika. Kijana ameshapima uani kwangu, anasema atafunga taa kutoka dirishani mpaka kwenye tangi la maji, na maputo hayahitajiki. Ila binti hatakupigia. Usimngoje akubembeleze, amebembeleza miaka tisa. Mpigie wewe, bila spika, bila kaka. Na kama kweli hutaki kusubiriwa, mwambie yeye mwenyewe kwa mdomo wako. Mimi sitakufikishia.

Kaka anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Usimchukie, anapenda sana, tatizo anapendea kwenye vikao. Mkwe wako anakusalimu, anaomba radhi kwa zile skrubu. Binti yako hajatuma salamu. Aliniona naandika, akauliza namwandikia nani, nikamwambia. Akaenda akavivaa vile viatu, akawa anatembea navyo humu chumbani.

Mungu akulinde njiani, maana mimi nimeshakuhesabu uko njiani. Akupe mgongo wenye nguvu, na asikupe neno la kunijibu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimefura hivi.

Zile pini nne za mwisho zilizobaki kwenye kifuko cha mama nimezichomeka hapa chini ya karatasi. Angalia usijidunge. Sizitaki kwa posta wala kwa mkono wa mtu. Uje nazo mdomoni.