Mpira Alioukosa Konstantini

Jumanne, 8 Julai 2025

Irine kaja karakana leo. Binti wa marehemu Konstantini, rafiki yangu – sasa anatengeneza filamu Arusha. Kanikuta nabandika kitambaa kwenye meza ya pool ya baa moja ya Bonga, gundi mpaka kwenye viwiko. Shikamoo baba, marahaba. Kaniachia flashi. Filamu yake ya kwanza, inahusu wacheza pool wa hapa Babati. Anataka niitazame, niandike maoni ukurasa mmoja, ayaambatanishe anapoipeleka kwa wanaochagua filamu za kuonyeshwa. Eti mimi ndiye mtaalamu: fundi wa meza na bingwa wa mkoa wa 2012.

Bingwa! Dodoma, kwenye mashindano ya taifa, nilitolewa asubuhi ya kwanza, hata chai sijamaliza.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeitazama mchana na mke wangu. Kijana anayeniigiza mimi anashika fimbo kama mpini wa jembe. Chaki anaisugua kama anang'arisha viatu. Muziki ndio kabisa – mpira ukigonga mpira husikii, unasikia ngoma tu. Nikafurahi. Nikasema ni mbovu, nitaandika ni mbovu, yaishe.

Kisha akatokea anayemwigiza Konstantini. Anapiga taratibu. Mpira unafika mdomoni mwa shimo, unasita, halafu unadondoka. Konstantini mwenyewe. Mke wangu akalia. Mimi nikatoka nje kugeuza mahindi tuliyoanika, ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

Filamu ni nzuri. Ndiyo balaa lenyewe. Watu wataiamini.

Jumamosi, 12 Julai

Sehemu ya fainali yetu ya 2012, mimi na Konstantini, nimeirudia mara nne. Kwenye filamu Konstantini anajificha chooni na viroba viwili vya pombe kali. Anarudi mezani mkono unatetemeka, anaukosa mpira mweusi, mpira ambao hata mtoto angeutia shimoni. Ndivyo mji mzima unavyosimulia. Irine alikuwa darasa la tano, kasimuliwa hivyo, kaigiza hivyo. Simlaumu.

Lakini ni uongo. Ilikuwa Kwaresima, na Konstantini alikuwa hajagusa pombe tangu Jumatano ya Majivu. Aliapa kwamba mpira umejiendea kushoto wenyewe. Watu wakacheka, wakampa jina la Umejiendea, akafa nalo kabla mwaka haujaisha. Fimbo hakuishika tena.

Niandike basi, angalau humu. Asubuhi ya fainali mimi ndiye niliyesawazisha meza. Niliweka pima maji, ikasoma sawa. Nikaitoa pima maji. Nikakunja kipande cha boksi, nikakisukuma chini ya mguu wa kulia, ule wa upande wa mlango. Mimi napiga kwa nguvu, mteremko mdogo haunisumbui. Yeye alipiga taratibu. Nilijua ninachofanya.

Meza hiyo ninayo. Baa ilipofungwa niliinunua, sijui kwa nini. Iko nyuma ya karakana, nimeifunika turubai. Haichezewi na mtu.

Nimeungama mengi tangu mwaka ule. Hili sijaliungama.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa Mama Irine kanisubiri getini. Kauliza kama nimeshaitazama filamu ya mwanawe. Yeye hawezi, anasema. Marehemu alimwapia kwamba hakunywa siku ile, naye akamwambia mwongo. Akamwita mwongo miezi minane, mpaka kitandani hospitali. Halafu kaninong'oneza: wewe ulikuwa karibu naye, Baba Edda. Alinuka pombe?

Nikasema sikumbuki.

Sikumbuki! Na komunyo bado haijayeyuka vizuri mdomoni.

Jumatano, 16 Julai

"Filamu ina mwanga mzuri." Nikachana.

"Waigizaji wafundishwe kushika fimbo." Nikachana.

Nikiandika kwamba sehemu ile si kweli, Irine ataniuliza nimejuaje. Nikiandika ni kweli, nimemzika baba yake mara ya pili, safari hii kwa saini yangu. Jioni nilikuwa nimejaza nusu ukurasa, yote ni habari za chaki. Mwoga hakosi la kusema.

Sina hamu ya chakula. Mke wangu anadhani ni malaria.

Ijumaa, 18 Julai

Irine kapiga simu. Kesho anakuja kuchukua ukurasa wake, na mama yake anakuja naye. Mama kasikia kwamba meza ile iko kwangu. Anataka nimwekee mpira mweusi pale ulipokuwa siku ile, aupige yeye. Hajawahi kushika fimbo maishani. Anasema atausukuma tu, taratibu, kama mumewe, aone ulikuwa mgumu kiasi gani.

Nikasema karibuni. Ningesema nini?

Jumamosi, 19 Julai, saa tisa alasiri

Nimetoa turubai. Nimesafisha kitambaa, nimeweka pima maji, meza imekaa sawa. Mpira mweusi nimeuweka pale pale, sikuhitaji kupima. Nikausukuma taratibu. Ukaingia. Tena. Ukaingia.

Nikakaa chini sakafuni. Akiupiga hivi utaingia, na atarudi kwake akijua kwa mkono wake mwenyewe kwamba mumewe alikuwa amelewa. Meza iliyo sawa ndiyo itakayomsingizia marehemu. Sikuwa nimeliwaza hilo.

Nimekata boksi. Nimekunja mara mbili, kama siku ile. Nimepiga magoti, mguu wa kulia, upande wa mlango. Nimepiga mpira mara tatu. Mara tatu umekwenda kushoto wenyewe.

Ukurasa wa maoni bado mweupe. Naandika humu nikiwa nimeegemea meza.

Bodaboda imesimama nje. Hodi – ni Mama Irine, Irine bado analipa nauli. Kipande cha boksi kimechomoza upana wa vidole viwili, akiinama atakiona. Sijakisukuma ndani.