Samaki Wasife Kabla ya Kisu

Mjukuu wangu Hodan,

Asalaam aleikum. Huku Garissa tu wazima, alhamdulillahi. Mjomba wako amehamishia mbuzi Kotile.

Umeniuliza jinsi ya kuwaweka samaki hai kwenye tangi la mashua, jua la Naivasha likiwaka. Nilijaribu mara moja, nikiwa bi harusi. Nilivuka Tana nikimpelekea mama mkwe samaki sita kwenye ndoo. Mimi mtoto wa wafugaji nilidhani samaki akifa kabla ya kuchinjwa ni nyamafu, haramu kuliwa. Nikaifunika ndoo kabisa, jua lisiwafikie.

Mwenye mtumbwi akafoka, "Fungua, mama! Wanakosa pumzi. Waongezee maji mapya kidogo kidogo."

Nikainama kuchota. Gogo lililoelea karibu na mkono wangu likafumbua jicho. Alikuwa mamba.

Hata hivyo nikachota tena na tena, kwa kuogopa nyamafu. Mama mkwe alinishangaa: "Samaki, nani humchinja? Hata akifa ni halali."

Basi fungua mfuniko, badilisha maji kidogo kidogo. Lakini nasikia huko mna viboko. Usiiname, Hodan. Samaki wakifa, wataliwa. Wewe nakutaka hai.

Bibi yako