Jina Lako na Lile Wingu

Mpendwa dada Adela,

Shikamoo. Mimi ni mzima huku Dar es Salaam, hofu ni kwako. Na safari hii siandiki kwa mazoea, ni hofu kweli. Maharage hapo Murukulazo yameshatoa maua? Mgongo wa shemeji unaendeleaje?

Nimeandika kwenye karatasi kwa kuwa simu yako inapaza sauti mpaka jirani anaitikia. Juzi ulininong'oneza kwamba huendi tena kule Biharamulo kuchukua dawa zako za virusi. Ukasema, "Majina yetu wameyapeleka kwenye wingu, hata aliyeko Bujumbura atayasoma." Dada, miaka yote umesafiri hadi wilaya ya pili ili nesi wa nyumbani asikujue. Sikucheki.

Tena sitakudanganya. Hilo wingu ni kompyuta za watu wengine, ziko mbali, tunazifikia kwa mtandao tu. Kampuni yetu ya bima inatunza habari za wagonjwa, na mabosi wamebishana mwezi mzima kama tuzipeleke huko. Ni kama kuweka mbegu zako kwa mtu mwenye ghala kubwa. Yeye ni mwaminifu, sawa, lakini funguo ngapi ziko nje, na anazo nani? Na ghala likiwa katika nchi ya watu, ukidhulumiwa utashtaki wapi? Mimi mwenyewe nilisema tungoje.

Basi mama mmoja wa masijala, anayetunza mafaili, akauliza polepole, "Na haya makabati yetu?" Kabati la mafaili halina kitasa tangu nianze kazi, na mwenzangu amebandika nywila yake, lile neno la siri la kufungulia, kwenye kioo cha kompyuta, kila apitaye anaisoma. Niliona aibu, dada. Kumbe siri hutunzwa na watu, popote ilipowekwa.

Kwa hiyo nenda umuulize nesi: nani anaruhusiwa kufungua faili langu, na humo naandikwa jina au namba? Kuuliza ni haki yako. Akikujibu ovyo, nitakutafutia kituo kingine, lakini dawa usiruke hata siku moja.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wako. Shangazi wa Nyabusozi mwambie mchumba nitajitafutia mwenyewe.

Siri ikitoka, nitapanda basi nije, tukae wote benchi la mbele kanisani, wanaotazama watazame. Lakini ukiacha dawa, dada, nitakuja kukaa na nani?

Mdogo wako akupendaye,
Deo