Darasa la Chini ya Ngazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shule ya huku juu leo. Nadhani nilishawahi kufika, miaka miwili mitatu nyuma, lakini ukishazoea kubeba mashine ya kupimia masikio toka shule hadi shule, korido zote zinakuwa korido moja. Wamenipa stoo ya mipira ya michezo. Ina utulivu wa kutosha, inanuka vumbi. Nimepima watoto thelathini na wawili. Karibu wote weupe, karibu wote wazima. Mama mmoja ameacha ujumbe: anataka nakala ya matokeo ya mwanawe, iwe imechapwa, si mwandiko wa mkono.

Chakula cha mchana nimekula humo humo stoo. Mwalimu mmoja akafungua mlango kutafuta mpira, akanikuta natafuna, akaomba radhi kana kwamba amenifumania naoga.

Kwenye lifti ya nyumbani, jirani wa ghorofa ya nne kaniuliza tena nafanya kazi kwa nani humu. Mwaka wa pili huu naishi hapa. Nikamwambia: naishi namba kumi na mbili. Akasema "ahaa", akakodolea macho namba za lifti mpaka tukafika. Hakuniuliza natoka wapi. Angeniuliza, ningedanganya, kama nilivyomdanganya mwenye nyumba. Nikisema nimezaliwa majumba ya bondeni wanakokaa weusi, basi nyumba sina.

Jumanne, 4 Machi

Watoto arobaini na mmoja. "Ukisikia mlio, inua mkono" — mara arobaini na moja. Nje ya hapo, neno langu pekee leo ni "asante", kwa muuza mikate.

Alhamisi, 6 Machi

Leo niandike yote.

Nilidhani nimemaliza shule nzima. Nikafungasha mashine, nikashuka ngazi, nikasikia watoto wanaimba tarakimu. Chini ya ngazi kuna mlango. Ndani, darasa. Dirisha moja, usawa wa lami — unaona viatu vya wanaopita. Watoto kumi na wawili. Kumi na mmoja weusi, wa bondeni wote, wanaoletwa na basi la shule. Wa kumi na mbili ni mweupe, ana kigugumizi. Sikuambiwa kama wapo. Katika orodha yangu hawamo.

Mwalimu wao ni mama mtu mzima, kamba ya miwani ameifunga kwa uzi. Akaniambia taratibu: usijisumbue, dada yangu, hawa hawafuati maelekezo, wameletwa huku kwa sababu ni wazito. Alivyosema "wazito" alikuwa ametazama chini.

Nikajisumbua. Nikaachana na habari ya kuinua mikono. Nikaomba kopo na vifungo vya shati: ukisikia mlio, tia kifungo koponi. Mchezo. Wakagombania zamu!

Saba hawasikii vizuri. Nimewachungulia masikio kwa kitochi — maji nyuma ya ngoma ya sikio, na wawili wana usaha mkavu wa siku nyingi. Unyevu wa yale majumba naujua. Mafua ya mtoto hayaishi, yanahamia masikioni. Ni ugonjwa wa kutibika. Wanne wanasikia kuliko mimi. Nyumbani wanaongea lugha nyingine, basi. Na wa kigugumizi ana kigugumizi.

Mmoja wa wale saba ni msichana wa miaka minane. Wenzake wanamwita Bubu. Nilipandisha mlio hadi kiasi cha mtu kubamiza mlango ndipo akatia kifungo. Kisha akanishika mkono, akaurudisha kwenye kitufe. Alitaka tena.

Mwalimu akanipa faili lake nijaze. Ndani kuna fomu ya miaka miwili iliyopita: "Hakutoa ushirikiano. Apelekwe darasa la msaada." Sahihi ni yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Sikumbuki uso wake. Nimejaribu tangu jana. Alikuwa na miaka sita, akakaa mbele yangu, hakuinua mkono, nikaandika maneno mawili matatu nikamwita anayefuata. Labda nilikuwa nawahi basi.

Mkuu wa shule kaniita ofisini. Kiti kizuri, maji ya kunywa. Mtu mpole, hapandishi sauti. Amesoma ripoti yangu. Akasema kazi nzuri, ila darasa lile halikuwa kwenye orodha, kwa hiyo ingefaa niandike "upimaji haukukamilika". Nikamuuliza, na watoto? Akasema watoto wanahudumiwa vizuri sana pale walipo. Halafu akaniegemea kidogo, kama mtu anayetaka kunifanyia hisani: nikiwapandisha kumi na wawili juu kwa mara moja, wazazi wa huku juu wataanza kuhamisha watoto wao. Wakihama wao, shule hii itakuwa kama zile za bondeni. Je, hilo ndilo ninalowatakia watoto weusi?

Nilikunywa maji yake, nikasema nitafikiria. Nimejichukia njia nzima.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna aliyepiga simu. Nimefua, nimeanika, nimeanua. Dada yangu mkubwa ningempigia, lakini hatujaongea tangu nihamie huku. Alisema nimepanda juu nikavuta ngazi. Nimeandika ripoti mara ya pili. Maneno ni yale yale ya mara ya kwanza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya jambo ambalo kazini haliruhusiwi.

Basi la shule liliharibika, wazee wakaja kuchukua watoto wenyewe. Yule msichana kafuatwa na bibi yake, mwanamke mwembamba mwenye aproni ya jikoni chini ya koti, anatoka kupika hospitalini. Alimshika mjukuu mkono, akawa anamkokota. Nikamfuata hadi getini.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye mpimaji wa masikio."

"Marahaba. Amefanya nini tena?"

Nikamwambia hajafanya kitu. Hasikii. Sikio la kulia karibu halisikii kitu, la kushoto nusu. Nikamwambia anatibika.

Bibi akamtazama mjukuu, akamtengeneza kola ya shati ambayo haikuwa na kasoro. Kisha akaniambia, kwa sauti ndogo: "Mimi nilikuwa nampiga. Namwita hageuki, najua ni kiburi. Kila siku namwambia, sikio la kufa halisikii dawa. Mwaka mzima namwambia hivyo, akiwa amenipa mgongo."

Hapo ningeweza kumpa pole nikaondoka. Nikamwonyesha ile fomu ya miaka miwili iliyopita, niliyoitoa kwenye faili. Nikamwambia sahihi hii ni yangu mimi, nilimpima vibaya, ndiyo iliyompeleka chini ya ngazi.

Akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Nilingoja anitukane. Akauliza, "Wako wangapi?"

Nikasema saba. Na wanne waliowekwa mle bila hata ugonjwa.

"Majina yao ninayo," akasema. "Tunakaa jengo moja, ngazi moja." Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema, bondeni, jengo la tatu, mlango ulio karibu na bomba. Sijui kwa nini nilimtajia na bomba. Akasema, "Basi mtoto wetu," bila tabasamu, akaondoka. Mjukuu safari hii hakukokotwa.

Jumatano, 12 Machi

Daktari msimamizi kaniita mjini. Mkuu wa shule ameshalalamika: nimetoa siri za wanafunzi getini. Daktari ni mweusi mwenzangu, tena ndiye aliyeniingiza kazini, nilidhani atanielewa. Amenielewa sana, hilo ndilo tatizo. Akafunga mlango, akasema: funika kombe mwanaharamu apite. Ripoti itapitiwa mwakani. Mimi nitahamia chumba cha mafaili. Mashine niirudishe Jumatatu asubuhi.

Nikamuuliza, hao saba watatibiwa lini? Bila ripoti hospitali haiwapokei, anajua. Akavua miwani akaifuta. Akasema nami nina kodi ya nyumba, sivyo?

Wenzangu wa ofisini walinipisha kwenye ngazi kama nina surua.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika jikoni, nimesimama.

Kengele ililia saa mbili. Hakuna anayebonyeza kengele yangu, nikajua ni mtu kakosea mlango. Nikafungua: bibi, na mjukuu, na nyuma yao foleni ya watu imeshuka ngazi hadi siuoni mwisho. Mama, baba, kaka wamebeba wadogo zao. Sio saba. Wale wa darasa la chini ya ngazi na wengine wa shule za huko huko bondeni. Na yule mtoto wa kigugumizi na mama yake, mweupe, amesimama katikati ya foleni ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Bibi akasema: "Tumesikia hospitalini mashine inarudi Jumatatu, wakatuelekeza kwako."

Akaniuliza hospitali itakubali karatasi yenye sahihi yangu? Nikasema mpaka Jumatatu, ndiyo, mimi bado ni mpimaji. Akasema, "Haya, mwanangu. Kaa."

Basi nimekaa. Nimeshapima kumi na tisa. Chumba changu cha kulala kimejaa makoti. Kina mama wamekaa sakafuni wanaongea, watoto wanalia, kuna mtu kafungua madirisha yote, mwingine anaosha vyombo vyangu bila kuniuliza viko wapi. Mara mbili nimewaomba wanyamaze nipime. Wananyamaza, kisha mmoja anacheka, wote wanacheka. Bibi kanifukuza mezani ninywe chai dakika tano, anasema macho yangu yamekuwa mekundu.

Sasa kuna sauti mlangoni. Mlinzi wa jengo, na nyuma yake yule jirani wa ghorofa ya nne. Mlinzi anasema wapangaji wamelalamika, ngazi imezibwa, na mwenye nyumba ameshapigiwa simu. Anauliza hawa watu ni wa nani.

Bibi anamjibu kwamba ni wageni.

"Wageni wa nani? Huyu mama hana wageni. Atoke mwenyewe aseme kama anawafahamu," anasema mlinzi.

Wamenigeukia wote. Hata watoto. Mtoto wa ishirini yuko kitini, visikizio masikioni, bado sijampima sikio la kushoto.

"Mwanangu," bibi ananiita, "njoo uwaambie kwenu ni wapi."

Chai bado ya moto. Naiweka chini, na kalamu pia, niende nikawaambie.