Kibodi, Waranti na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Herufi A imegoma. Kabisa! Jana ilikuwa inasitasita, leo hata niibonyeze kwa dole gumba, kimya. Na Kiswahili bila A ni kitu gani? Nimetafsiri ukurasa mzima wa maelekezo ya friji kwa kunakili A moja na kuibandika, kunakili na kubandika, mpaka mke wangu akauliza mbona natukana. Sikutukana. Nilisema neno moja tu, refu.

Kompyuta haijamaliza hata mwaka. Waranti ipo, basi moyo umetulia.

Mama mkwe — yuko kwetu tangu mtoto azaliwe — kaja kutazama, mikono nyuma. Imeharibika, baba mtoto? Nikamwambia ni kitu kidogo, mafundi wataitengeneza. Kaitikia kwa kichwa, karudi jikoni. Hatuzungumzi sana, mimi naye. Tunaheshimiana mpaka tunachoka.

Jumanne, 4 Machi
Kwa mafundi. Foleni, viti vya plastiki, feni inayozunguka bila upepo. Fundi ni mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Kaigeuza kompyuta, kaitikisa, kainusa! Kama mtu anayechagua samaki sokoni. Iliwahi kumwagikiwa maji? Nikasema haijaona hata tone. Chai nanywea mbali, mtoto hafiki mezani. Basi wataifungua. Ikiwa kavu, kibodi mpya bure. Ikiwa iliingia maji, hakuna waranti, na bei ya kibodi itameza malipo yangu yote ya kazi ya friji.

Nimesimulia nyumbani wakati wa kula. Eti maji! Nani wa kutia maji kwenye kompyuta, labda mwendawazimu! Mke wangu kacheka sana. Mama kasema ameshiba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeazima kompyuta ya jirani. Kazi inakwenda.

Mama hayuko sawa. Anakula kidogo, anajibu kwa neno moja. Leo kamwambia binti yake atarudi kwake Jumatatu. Mke wangu kalia bafuni, nimesikia. Nguvu bado hazijamrudia vizuri, na mtoto habembelezeki ila na bibi yake. Akanihoji: umemwambia nini mama? Mimi? Nimwambie nini mimi! Nimeudhika, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejua.

Nimetoka kuoga nikamkuta Mama sebuleni anafanya usafi. Kitambaa kimelowa, povu la sabuni limefika kwenye kiwiko. Kafuta meza, kafuta kiti changu, kafuta rimoti ya televisheni — kitufe kimoja kimoja, taratibu, kama anamwosha mtoto masikio. Kisha akafika pale kompyuta yangu inapokaa. Patupu. Mkono ukasimama hewani. Akaruka pale, akaenda dirishani.

Nikarudi chumbani kwa kunyata. Kumbe! Na mimi miezi yote hii najisifu kompyuta yangu haishiki vumbi! Halafu nikamwita mwendawazimu, mezani, tonge likiwa mdomoni mwake. Masikio yananiwaka kwa aibu. Nitaanzia wapi? Nikimwomba radhi, nitakuwa nimemuumbua mara ya pili. Mke wangu sijamwambia.

Jumatatu, 10 Machi
Kazi ya friji nimeituma. Begi la Mama liko mlangoni, limefungwa kamba.

Tuko kwenye chai, mtoto mikononi mwangu, simu ikaita. Nikaiweka spika maana sina mkono — lo! Fundi. Nyumba nzima ikasikia: wameifungua, chini ya vitufe kuna weupeweupe kama wa sabuni, ila ni kidogo, hawana hakika. Anataka neno langu tu. Maji yaliingia au hayakuingia? Nikisema hayakuingia, kibodi inabadilishwa leo hii.

Mama katua kikombe bila kunywa. Macho kwenye kitambaa cha meza.

Nikasema: yaliingia, dada. Ni mimi. Niliifuta kwa kitambaa cha maji na sabuni, nikidhani naisafisha.

Mke wangu kanikodolea macho. Wewe? Wewe umewahi kufuta nini humu ndani?

Fundi kasema basi waranti ndiyo imekwisha hiyo, tuzungumze bei.

Ndipo Mama akainuka. "Mwanangu, nipe hiyo simu."

Mwanangu! Tangu nimuoe binti yake sijawahi kuitwa hivyo. Nimempa.

Naandika haya kwa mkono mmoja, mtoto kalala begani. Mama yuko kibarazani na simu yangu, tunamsikia kupitia dirisha. Kashamwambia fundi kwamba kitambaa kilikuwa chake. Sasa sauti imepanda: kitambaa chenyewe alikikamua vizuri kabisa, na yeye anajua kukamua, kwa hiyo hayo si maji ya kuvunja waranti ya mtu! Fundi anajaribu kusema kitu, hapewi nafasi.

Mke wangu kanitazama. Kaenda mlangoni, kachuchumaa, anafungua kamba ya begi.